Shangazi wa Mgodini

Nilikuwa uani nasugua sufuria pale king'ora kilipolia. Sikuwa nimekisikia tangu baba wa mwanangu alipokuwa hai, lakini sauti ile haisahauliki: inaanzia chini kama mtu anayekoroma, halafu inapanda, inapanda, mpaka meno yanauma. Sufuria iliniponyoka. Jirani yangu Mama Mapacha alitoka bafuni kwake amejifunga taulo, povu la sabuni kichwani, tukatazamana juu ya ua. Miguu yetu sote wawili ilikuwa imeshageukia upande wa mgodi, na mgodi wenyewe ulifungwa zamani, shimo likazibwa kwa zege.

Kiliponyamaza, Mama Mapacha akajitazama alivyo, akauliza, "Jirani, hivi mimi nakimbilia wapi na taulo?"

Tukacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha ovyo, cha watu waliotishwa.

Jioni mjukuu wangu alirudi kazini anang'aa. Huyu ni binti wa mwanangu wa pekee, nakaa naye. Ni fundi umeme, amesomea, na wakati huo alikuwa na mkataba mfupi pale makumbusho. Makumbusho yenyewe yamefunguliwa kwenye ile ofisi ya zamani ya mishahara ya mgodi. Walipokuwa wanajiandaa walipita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vya wachimbaji, kofia, taa za kichwani, mabuti. Mimi niliwapa bati la chakula la mume wangu. Jina lake nililitaja mara mbili, na msichana aliyekuja aliliandika huku namwona. Leo bati liko ndani ya kioo, limeandikwa "Chombo cha chakula cha mfanyakazi." Hilo nililimeza. Mimi ni mtu wa kumeza, watu wote wananijua hivyo.

Basi mjukuu akaniuliza kama nimesikia king'ora, maana yeye ndiye aliyekitengeneza. Nikamuuliza kilikuwa na ugonjwa gani.

"Kutu tu, Bibi. Kuna vichuma viwili vinatakiwa vigusane, vimeota kutu tangu zamani, hata kifuniko hakijawahi kufunguliwa. Nimevipiga msasa, nikabadilisha kipande cha waya. Hata sijanunua kitu."

"Imekuchukua muda gani?"

"Asubuhi moja. Na chai nimekunywa katikati."

Nikakaa chini. Hasira ya zamani huwa inakaa kama jiwe ndani ya kiatu, unalizoea, unatembea nalo. Siku hiyo jiwe liligeuka upande wenye ncha.

Mjukuu wangu alikuwa anajua kwamba babu yake alikufa maji mgodini. Mengine sikuwahi kumwambia, wala baba yake sikumwambia, kwa sababu siku ile alikuwa bado ananyonya na baadaye sikuona pa kuanzia. Nilimwambia jioni hiyo.

Wachimbaji walikiita kile king'ora Shangazi. Kilikuwa kinaamsha watu, kinawatuma, kinawarudisha, na hakuna aliyethubutu kubishana nacho. Mlio mfupi ulikuwa wa kuingia kazini na kutoka. Mlio mrefu usiokatika ulikuwa na maana moja tu, kwamba kuna hatari, tupa ulichoshika, panda juu. Mwaka ule Shangazi alinuna. Ukibonyeza, kimya. Wanaume wakalalamika ofisini, wakaambiwa kifaa kimeagizwa. Mvua zikaanza, kifaa kiko njiani. Mvua zikakolea, kifaa kimefika bandarini. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani ananitania, anasema hicho kifaa lazima kinakuja kwa miguu, tena kinachechemea.

Siku yenyewe maji yalitoboa kutoka kwenye handaki la zamani. Waliokuwa juu waliyasikia kabla ya walioko chini. Mlinzi wa mlangoni akabonyeza king'ora, hakuna kitu. Akabonyeza tena. Mwishoni alikuwa anakipiga kwa jiwe, nilimwona kwa macho yangu, maana wake za wachimbaji tulishasikia kelele, tukakimbilia pale. Mume wa Mama Mapacha zamu yake ilikuwa imekwisha, yuko bombani ananawa miguu. Aliacha ndoo, akaingia shimoni peku, anapiga kelele. Waliotoka hai walitusimulia kwamba walisikia sauti ya mtu mmoja tu, inapita kwenye mahandaki, inasema tokeni, tokeni, maji. Walitoka maji yakiwa magotini. Yeye akaendelea kwenda ndani kuwaita wa mbali. Wangu alikuwa huko mbali. Hawakurudi, si yeye wala wangu wala wengine waliokuwa nao.

"Kwa hiyo hicho kifaa," mjukuu akasema polepole, "hakikuhitajika kabisa."

"Wewe ndiye fundi. Niambie wewe."

Nikamwambia kwamba sasa amewapa watu wale wale kengele ya kuchezea. Lilikuwa neno kali na hakuwa amelistahili, naye hakulibeba kimya.

"Hukuniambia, Bibi. Kila siku mnasema maji, maji, maji. Mimi ningejuaje?"

Alikuwa na haki. Lakini haki ya mtu mmoja haizimi hasira ya mwingine, na usiku huo kila mtu alikula peke yake.

Kuanzia hapo king'ora kililia kila siku. Saa sita mchana wanakiliza wenyewe, halafu shule zikija watoto wanapanga foleni kubonyeza. Mama Mapacha akawa anapika redio imefunguliwa mpaka mwisho. Siku moja nikamwambia avae, twende tukaone.

Mama Mapacha hasomi. Mimi niliishia darasa la nne, lakini herufi kubwa za ukutani hazinishindi. Chini ya king'ora kulikuwa na kibao kizuri kinang'aa. Akaniuliza kinasema nini, nikamsomea kwa sauti: "King'ora hiki kiliwaonya wachimbaji siku ya ajali na kuokoa maisha ya wengi. Bonyeza usikie."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Mtoto mmoja akapita katikati yetu, akabonyeza, akajiziba masikio huku anacheka. Mama Mapacha alisubiri mlio uishe. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Kumbe mume wangu alifia nini, kama kililia?"

Hilo ndilo lililonipeleka kwa Mkuu wa makumbusho. Bati la chakula ningelimeza mpaka kaburini, lakini hili halikuwa langu kulimeza. Mwanaume alitoa koo lake na roho yake, halafu sifa imepewa chuma kilichoota kutu.

Mkuu ni kijana, shati limenyooshwa vizuri, adabu anayo. Alituamkia, akatuwekea viti. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema maneno ya kibao yametoka kwenye taarifa rasmi ya kampuni, na yeye hana mamlaka ya kubadilisha historia. Nikamwambia sisi tulikuwa pale mlangoni. Akatabasamu vile vijana wanavyowatabasamia wazee, akasema kumbukumbu nazo huchoka, mama zangu, ni kawaida kabisa.

Nikamjibu kwamba kilichochoka ni magoti, kumbukumbu bado inakimbia.

Akaahidi kulifikisha kwenye kamati. Basi kila Jumatatu nikawa naenda kuuliza. Jumatatu ya kwanza, kamati haijakaa. Nyingine, kamati imekaa lakini ajenda zilikuwa nyingi. Nyingine, limepokelewa, linashughulikiwa. Mlinzi wa getini alinizoea mpaka akawa ananitolea kiti kivulini kabla sijafika, na siku moja akaniuliza kama nami nimeajiriwa. Nikamwambia ndiyo, nimeajiriwa na mume wangu.

Yule yule mlinzi ndiye aliyeninong'oneza kwamba nisijisumbue. Kampuni ya sasa imerithi ile ya zamani, na ndiyo iliyotoa rangi ya kuta, vioo na vyoo vipya. Nani ataandika ukutani kwamba aliyempa choo aliua watu?

Ilipokaribia siku ya kukumbuka ajali, Mkuu alikuja mwenyewe nyumbani. Alisema kamati imeona busara kuniheshimu. Nitakaa mstari wa mbele, mgeni rasmi atatoka kampuni, na mimi kama mjane nitabonyeza king'ora mbele ya watu wote. Nikamuuliza kibao kitasemaje siku hiyo. Akasema tuende hatua kwa hatua, mama.

Mama Mapacha aliposikia alikataa katakata kwenda. Alisema atakaa kwake achambue maharage, maharage angalau hayadanganyi, ukikuta jiwe unalijua kuwa jiwe. Mjukuu naye aliniambia nisiende kama moyo hautaki. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule, na Mkuu alikuwa amemgusia ajira ya kudumu, lakini hilo hakulitaja. Nililijua mwenyewe. Nikasema nitakwenda, nitabonyeza, nitarudi. Na kweli ndivyo nilivyokusudia. Nilikuwa nimejiambia kwamba aliyekufa amekufa, na aliye hai anatafuta kazi.

Siku hiyo waliweka mahema na viti vya plastiki. Mgeni rasmi alizungumza sana juu ya usalama kazini. Alisema kampuni imejifunza, na kwamba hata siku ile ya huzuni utaratibu wa tahadhari ulifanya kazi yake. Alisema hivyo akiwa amesimama karibu nami kiasi cha kunusa manukato yake. Halafu Mkuu akanishika mkono mpaka kwenye kitufe, akaniambia sikioni nibonyeze kidogo, nihesabu mpaka tatu, niachie. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa kachumba ka swichi, ndani ya ovaroli yake, kwa ajili ya dharura.

Nikabonyeza. Shangazi akaanza chini, akapanda. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Kabla sijaondoa kidole watu wakaanza kupiga makofi. Mgeni rasmi anapiga makofi, Mkuu anapiga makofi, watoto wa shule wanapiga makofi.

Kidole kikakataa kutoka.

Makofi yakapungua, yakaisha, watu wakabaki na mikono hewani. Mkuu akaniambia inatosha, mama. Sikumtazama. Nikaongeza kidole cha pili juu ya kile cha kwanza, maana cha kwanza kilikuwa kimeanza kuchoka. Mlio mrefu usiokatika. Mji huu haukuwahi kuusikia siku uliyopaswa kuusikia, na mimi nikaona basi uusikie leo mpaka ushibe.

Mkuu akamwita mjukuu wangu azime umeme. Mjukuu akamtazama, akanitazama. Akaingia kwenye kale kachumba, akafunga mlango kwa ndani. Nikasikia komeo. Nilisubiri sauti ikatike. Haikukatika. Mkuu akagonga mlango, akampigia kelele kwamba ajira asahau. Mgeni rasmi alikuwa amejiziba masikio kama yule mtoto, ila yeye hakucheka.

Wa kwanza kufika getini alikuwa mzee anayetembelea mkongojo, aliyetoka shimoni siku ile maji yakiwa magotini. Kisha wakaja wanawake, wengine siku hizi hata sokoni hawaendi. Wakaja watoto wa waliokufa, watu wazima wenye mvi, wengine na mikono yenye unga au grisi. Walikuja wanakimbia, kila mmoja kwa mbio alizobakiwa nazo, na wakifika wanasimama, hawajui wamekimbilia nini. Mama Mapacha alikuja na ungo wake wa maharage, nusu yameshamwagika njiani.

Hapo nikaachia.

Sikuwa na hotuba. Nilimvuta Mama Mapacha mkono nikamsimamisha mbele ya kile kibao.

"Hiki chuma siku ile hakikulia," nikasema. "Kilikuwa kibovu, wenye mali wanajua, na kukitengeneza kulitaka asubuhi moja na kipande cha waya. Aliyeita watu ni mume wa huyu mama, kwa koo lake. Mlioitwa mko hapa. Semeni."

Yule mzee wa mkongojo akavua kofia. Akasema yeye alisikia sauti ya mtu. Chuma hakusikia. Mwanamke mmoja akasema baba yake alisema hivyo hivyo mpaka anakufa. Halafu wakawa wengi wanaosema kwa pamoja, na mgeni rasmi akasindikizwa kwenye gari lake.

Mjukuu wangu kazi ilikwisha siku hiyo hiyo. Sasa anatengeneza pasi na redio za majirani barazani kwangu, na mama yake alipiga simu kunilaumu, nikamsikiliza mpaka salio lake likaisha. Nilimuuliza mjukuu kama ananilaumu naye. Akasema mlango alijifungia mwenyewe, hakusukumwa.

King'ora wamekivalisha kasha lenye kufuli, hakiguswi tena. Kibao wamekibandua. Nilikwenda Jumatatu iliyofuata kuuliza kipya kitaandikwa nini. Mkuu hakunipa kiti. Aliniambia jambo liko kwenye kamati. Nikamwambia sawa, baba. Nikakaa sakafuni, chini ya yale matundu manne ya skrubu ukutani, watalii wakawa wananizunguka. Kila aliyesimama kuangalia king'ora nilimwambia kilichotakiwa kuandikwa pale. Jioni mlinzi akaja kufunga, akaniambia kwa heshima kwamba muda umeisha. Nikamwomba anishike mkono niinuke. Magoti, kama nilivyosema, yamechoka. Jumatatu ijayo Mama Mapacha naye anakuja.