Mkono Juu ya Kikombe

Mietha aliposhuka kwenye lori la wavunaji akiwa na mimba changa iliyokwisha kuonekana, dada yake Katriena hakumpongeza. Alimpokea begi, akamtangulia ndani, akamtengea mkate na supu ya maharage, kisha akakaa kumtazama anavyokula.

Si kwamba hakumpenda. Mama yao alipofariki, Katriena ndiye aliyemlea mdogo wake pale pale kwenye bonde la De Doorns, katika nyumba za wafanyakazi pembeni ya mizabibu ya tajiri. Mietha naye alizaa angali msichana, malezi yakamshinda, akaenda zake mji wa Worcester. Mtoto akabaki kwa Katriena. Mtoto huyo, Chrislyn, sasa alikuwa na miaka tisa. Alimwita Katriena mama, na Mietha mama mdogo, ingawa alijua fika nani alimzaa.

Chrislyn alikuwa mchangamfu, lakini kumlea kulichosha. Mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka sita. Akiambiwa avue viatu, anawe, aje mezani, angeshika moja na mengine yakapotelea njiani. Mwalimu alisema ni mkaidi, majirani wakasema amedekezwa, na Katriena mwenyewe, Mungu amsamehe, aliwahi kumchapa. Kisha siku moja mtoto akafuatana na mwanamume asiyemjua, eti kwa sababu alimwambia ana mbwa mdogo. Walimkuta kwenye kituo cha mafuta, mzima, anacheka.

Baada ya hofu ile Katriena alimpeleka zahanati. Muuguzi Veldsman alimpima kichwa, akamwangalia macho na mdomo wa juu uliokuwa mwembamba, akauliza kwa upole kama mzazi alikunywa pombe wakati wa ujauzito. Katriena alijibu kwamba bonde zima lilikuwa linakunywa. Muuguzi hakubisha. Alieleza kuwa pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni, na ubongo ukishaumizwa hivyo haurudi kuwa kama ambavyo ungekuwa. Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa hawezi.

Katriena aliyaweka maneno hayo kifuani. Amwambie nani, na ya nini, wakati maji yamekwisha kumwagika? Sasa tumbo la Mietha lilikuwa mbele yake.

Ijumaa ya wiki ile mume wa Katriena, Gert, alirudi na divai rahisi ya mfuko wa plastiki kama kawaida yake. Mietha akasogeza kikombe. Katriena akakiziba kwa kiganja.

"Wewe hunywi."

"Kidogo tu, dada. Inaniondolea kichefuchefu."

"Mwache bwana," Gert akasema. "Huyo wa ndani naye ni mtoto wa mizabibu. Aonje kazi ya wazee wake."

Katriena hakucheka. Alimtuma Chrislyn kwa jirani, kisha akasimulia yote aliyoambiwa zahanati, pole pole, bila kuondoa mkono. Mietha alisikiliza huku ameinama.

"Kwa hiyo unaniambia ni mimi."

"Nakwambia ni pombe."

"Pombe haikujimimina, dada. Nilipokuwa natapika, nani aliniambia glasi moja itanituliza tumbo? Nani alikuwa anaijaza?"

Gert akatazama pembeni. Katriena alihisi uso unamwaka. Ilikuwa kweli. Dawa hiyo alijifunza kwa mama yao, na mama yao aliishi enzi ambazo tajiri alilipa sehemu ya ujira kwa divai, kopo la asubuhi, la mchana na la jioni.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa sijui. Sasa najua, ndiyo maana mkono wangu uko hapa."

Mietha akalia mpaka kwikwi. Gert alichukua mfuko wake akatoka, akinung'unika kwamba nyumba imegeuka kanisa.

Kuacha hakukuwa lelemama. Mietha alitetemeka, aligombana na kila mtu, akawa anakwenda kwa muuguzi kila wiki. Sherehe ya kumaliza mavuno ikamwangusha. Wanawake wawili walimrudisha wamemshika kwapani. Katriena alimwogesha bila kumsema, na kulipokucha Mietha mwenyewe ndiye aliyeomba apelekwe zahanati.

Wakati wa baridi akajifungua mtoto wa kiume, mdogo, ila mwenye sauti. Akauliza kama mtoto amesalimika.

"Siwezi kukudanganya," muuguzi alimwambia. "Kuacha kwako kumemsaidia. Mengine tutayaona akikua."

Waliporudi nyumbani, Mietha alimwita Chrislyn jikoni, akamshika mikono. Alimwambia kwamba mambo ya shuleni yanamwia magumu si kwa kosa lake, bali kwa sababu yeye, mama mdogo, alikunywa divai naye akiwa tumboni. Akamwomba radhi.

Chrislyn alimpapasa shavu. "Usilie, mama mdogo. Mimi hata sikuisikia ladha yake." Kisha akakimbilia kumwona mtoto.

Usiku Mietha hakulala vizuri. Asubuhi akamuuliza binti yake kama anakumbuka walichozungumza jana. Chrislyn alikunja uso, akijitahidi kweli kweli.

"Tulizungumza habari za mtoto?"

Mietha akamgeukia dada yake. Katriena alikuwa anamenya viazi. Alielewa mdogo wake anaomba aambiwe inatosha, lakini aliendelea kumenya. Mietha angeweza kuliacha jambo hilo lilale pale, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mietha akavuta kiti, akamketisha binti yake, akaanza kumwambia upya.