Gari Lililovuta Kushoto

Mchungaji Bethwel alijua tairi limekwisha hata kabla ya kuliangalia. Usukani ulikuwa umeanza kutetemeka mikononi tangu alipotoka Bomet mjini kuwaombea wagonjwa, na mtetemo ule alikuwa ameshauzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Alipofika nyumbani Merigi aliegesha nyuma ya zizi la ng'ombe, mahali ambapo watu wa barabarani hawaoni, akakata usukani hadi mwisho, akashuka na kuchutama.

Ukilitazama kwa nje, tairi la mbele la kushoto lilikuwa zima. Kwa ndani lilikuwa kipara kitupu, na nyaya zimeanza kuchungulia. Na lilikuwa tairi jipya juzi tu, mwanzo wa mvua.

"Gari limekula tairi tena?" Sally mkewe aliuliza kutoka mlangoni mwa jikoni.

"Limekula."

"Na wewe bado utanyamaza?"

Bethwel aliinuka. Alifungua buti, akatoa jeki.

Gari lile, saluni nyeupe iliyong'aa, alipewa na waumini wake kumshukuru kwa miaka mingi aliyowahudumia kwa miguu na kwa bodaboda. Akina mama waliuza maziwa ya jioni, vijana wakachuma majani chai ya watu kwa kibarua, na Mzee Kimotho akaongoza kamati ya kulitafuta. Kimotho alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Bomet. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliotoka Nyeri, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu wa Bethwel. Siku ya kulikabidhi gari, watu walicheza mpaka vumbi likapanda juu ya paa la kanisa.

Kufika jioni ya siku hiyo hiyo Bethwel alishaona kwamba gari linavuta kushoto. Ukilegeza mkono kidogo, linaelekea mtaroni. Alilipeleka kwa mafundi wa Bomet mara kwa mara. Wakanyoosha magurudumu ya mbele, wakabadilisha bushi, na kila mara gari lilitulia siku chache, kisha likarudia tabia yake. Alihamisha matairi, la kushoto likaenda kulia, la mbele likaenda nyuma. Bega lake la kulia likaanza kuuma kwa kushindana na usukani, hata ikawa Jumapili akiinua mikono kubariki watu, mmoja unafika juu na mwingine unaishia njiani.

Kusema hakusema. Angesemaje? Waliochanga ni watu wasio na kitu. Na tena aliyelichagua gari ni Kimotho. Bethwel alizijua ndimi za watu wake. Angetamka kwamba gari ni bovu, kesho yake maneno yangekuwa mengine kabisa, kwamba Mkikuyu amewauzia Wakipsigis mkweche. Na uchaguzi ulikuwa umeshaanza kunukia, wakati ambao neno dogo hukua haraka. Basi kila Jumapili alishukuru kwa ajili ya gari, na kila Jumatatu alichutama nyuma ya zizi.

Lililowafikisha mwisho ni mvua. Walikuwa wakirudi kutoka mazishini Kericho, yeye na Sally, mashamba ya chai yamelowa pande zote mbili na lami inateleza. Bethwel alichoka. Hakusinzia, alichoka tu, mkono ukalegea kwa muda wa kupiga chafya. Gari likakata kushoto, likaruka mtaro, likazama kwenye chai hadi vioo. Hawakuumia. Wachumaji waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kibanda walikuja kulisukuma, wakicheka na kuwapa pole. Sally hakucheka.

Siku ya mkutano wa akina mama, Sally alisimama kabla hata chai haijamiminwa.

"Mama zangu, asanteni kwa gari," alisema. "Lakini limepinda. Linakula matairi, limekula bega la mume wangu, na juzi lilitaka kutula sisi. Nawaomba mlichukue. Mimi bado nataka kuitwa mke wa mchungaji, sio mjane wake."

Habari zilifika dukani kwa Kimotho kabla ya Sally kufika nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Kimotho alikuja mwenyewe. Hakuingia ndani, hakutaka chai. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu ambaye hakulala.

"Pasta, nipe ufunguo. Nasikia niliwanunulia jeneza."

"Hakuna aliyesema hivyo, Mzee."

"Wamesema. Na mengine wamesema, hata wewe unayajua. Leta ufunguo, twende Kericho kwenye mashine ya kupimia magurudumu. Tukiambiwa ni uendeshaji wako, utasimama kanisani uniombe msamaha."

Bethwel ndiye aliyeendesha kwenda. Kericho walimkuta fundi aitwaye Kepher, kijana wa Kisii mwenye maneno machache, akalipandisha gari, akafunga vipimo vyake kwenye magurudumu yote manne na kutazama kioo cha mashine. Kisha akaingia chini na tochi. Alikaa huko kitambo.

"Mbele naweza kuweka sawa," alisema alipotoka. "Lakini nyuma hakuna pa kufungua na kurekebisha. Hii gari iligongwa vibaya. Ikavutwa, ikachomelewa, ikapakwa rangi. Nyuma inaangalia huku, mbele inaangalia kule. Inatembea kiubavu kama mbwa. Hata mkiweka matairi ya dhahabu, itakula."

"Itengenezwe," Kimotho alisema.

"Haitengenezeki, Mzee. Pole."

Wakati wa kurudi Kimotho alitaka kuendesha yeye. Walipopita Litein, Bethwel alimwona ameshika usukani kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imesimama, akilivuta gari kulia, na gari likimvuta kushoto. Mbele kidogo alisimamisha kando ya barabara, kwenye geti la shamba, akazima injini.

"Umeiendesha hivi muda huu wote?"

"Ndiyo."

"Na kila Jumapili unanishukuru mbele ya watu."

"Nilikuwa nakushukuru kweli."

Kimotho alijifuta jasho. Lori la majani mabichi ya chai likapita, likawatikisa. "Aliyeniuzia aliniapia kwamba haijawahi kuguswa," alisema polepole. "Mimi najua misumari na simenti. Gari nilitazama rangi." Kisha akasema, "Tuiuze. Tuipeleke mbali, Kitale huko, hatujulikani. Tuweke matairi mapya, tuioshe."

"Na mnunuzi?"

"Mimi kuna aliyenihurumia?"

Bethwel alitazama mikono yake. Kusema kweli alitamani kukubali. Ingekuwa rahisi, neno moja tu, na gari lingetoka maishani mwake kama lilivyoingia. Lakini akilini alimwona mtu fulani wa Kitale amechutama nyuma ya nyumba yake, anapapasa upande wa ndani wa tairi.

"Mzee Kimotho, nimechoka," alisema. "Nilinyamaza kwa ajili yako, na ningenyamaza tena. Lakini sina nguvu ya kumnyamazia mtu nisiyemjua."

Jumapili aliwaeleza watu yote, waziwazi, kwamba kamati ilidanganywa na kwamba yeye mwenyewe alikosea kukaa kimya. Wako waliolia. Wako walionung'unika yale yale aliyoyaogopa, na mama mmoja mzee akawageukia akawauliza kama wao wangejua kilicho chini ya rangi. Gari lilinunuliwa na mtu wa vipuri wa Kericho, akijua kila kitu, ili alikatekate. Lilipokokotwa kupanda mlima, Sally hakutoka nje kulitazama.

Kimotho hakuonekana kanisani kwa majuma kadhaa. Bethwel alirudi kwenye bodaboda, na mvua ikamnyeshea. Kisha siku moja, alipokuwa kituoni Merigi akingoja pikipiki, pikapu ya dukani kwa Kimotho ilisimama mbele yake, mifuko ya simenti nyuma.

"Unaenda kwa wagonjwa?"

"Naenda."

"Ingia. Nina mzigo wa kupeleka huko."

Bethwel aliingia. Alitaka kusema jambo, hata akafungua mdomo, lakini barabara ilikuwa imenyooka, kiti kilikuwa na joto, na hakukuwa na kitu cha kushindana nacho. Kabla ya kufika mtoni alishalala, kichwa kwenye kioo. Kimotho alimtazama, akapunguza redio, akaendelea kuendesha polepole.