Pointi ya Kumi na Mbili

Usiku wa jana niliota nimesimama mahakamani, kesi imeitwa, nimefungua mdomo, na sauti haitoki.

Si kwamba nilikuwa na mafua. Hewa ilitoka, ulimi ulicheza, koo lilipanda na kushuka kama kawaida, ila sauti hakuna. Na mimi, jamani, ni mtu wa sauti. Miaka ishirini na sita ya uwakili nimekula kwa mdomo huu, na mke wangu ni shahidi kwamba hata nyumbani haupumziki.

Bango ukutani lilisema MAHAKAMA YA SHIRIKISHO. Shirikisho la nani na nani, sikuelezwa. Jaji alikuwa mama mnene mwenye miwani, anakunywa uji kwa kijiko, na kila akimeza anaandika. Nyuma yangu alikaa mteja wangu, Bi Naetwe, bibi wa miaka sabini na tatu kutoka milimani Upareni, mkoba wake magotini. Jirani yake, Bwana Kisaka, anadai kwamba marehemu mume wa Bi Naetwe alimuuzia shamba la tangawizi, na ana hati ya mauziano kuthibitisha. Leo ndiyo siku ya mimi kumhoji Kisaka. Nikinyamaza, shamba limekwenda, na Bi Naetwe hana pengine pa kulala wala pa kuzikwa.

"Wakili msomi," Jaji alisema, "mahakama haikusikii."

Nilionyesha koo langu kwa kidole.

"Koo halina kosa. Asiye na pointi kumi na mbili za mafunzo endelevu hapati leseni, na asiye na leseni hasikiki. Wewe una ngapi?"

Swali hilo lilijibiwa na daftari la mahudhurio, lile jeusi tunalosaini mlangoni kila tukienda kwenye semina na mikutano ya mawakili. Lilipanda kizimbani lenyewe, likaapa kwa kujifungua katikati, likaanza kusema kama mtu aliyechoshwa na watu. Lilisema sahihi zangu linazo zote. Semina ya usuluhishi, ipo. Mkutano mkuu wa mwaka, ipo. Warsha ya kufungua mashauri kwa mtandao, siku mbili, ipo mara mbili. Ila mwenye sahihi halijawahi kumwona kwa zaidi ya dakika tatu. Saa mbili na dakika tano nimesaini, saa mbili na dakika nane niko kwenye maegesho na simu sikioni, saa nne nimerudi kufuata sambusa.

"Sambusa ngapi?" Jaji akauliza.

"Nne, Mheshimiwa. Na moja ya kufungiwa kwenye karatasi."

Niliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu Bi Naetwe alikuwa anasikia. Ningepinga, lakini kwa sauti ipi?

Jaji akalamba kijiko. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alisema binadamu ni binadamu, yeye mwenyewe enzi za uwakili aliwahi kusinzia warsha nzima ya sheria ya kodi, kwa hiyo zile pointi kumi na moja mahakama itazimeza pamoja na uji. Ya kumi na mbili niihudhurie mwenyewe, mwili na masikio, kabla uji haujaisha. Nikatazama bakuli. Uji ulikuwa umebaki nusu.

Natoka mbio. Mlango wa mahakama unafungukia ukumbi wa hoteli, ule wenye viti vilivyovishwa nguo nyeupe na fundo mgongoni. Kwenye kila kiti limekaa joho la wakili, jeusi, halina mtu ndani. Majoho yananisalimia kwa heshima zote. Naona kiti kimoja kitupu, nakaa.

Mbele kuna kipaza sauti. Kinajikohoza. Kinasema mada ya leo ni kumsikiliza mteja, na ukumbi una sheria moja tu: ukimkatiza mkufunzi, anaanza upya.

Mkufunzi ni Bi Naetwe. Sijui alinipita wapi.

Anaanza mwaka sabini na nne, alipoolewa. Anaeleza mama mkwe wake alivyomshika mkono akamwonyesha shamba, mfereji ulipokuwa unapita, na tangawizi ya kwanza ilivyoozea ardhini. Hadithi hii naijua. Ofisini kwangu aliianza mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia, "Mama, twende kwenye hoja." Sasa hata sauti sina, lakini nainua mkono na kuichungulia saa kidogo tu, kwa pembeni.

"Amekatiza," kinasema kipaza sauti.

Bi Naetwe anarudi mwaka sabini na nne.

Mara ya pili nilikatiza kwa kupapasa simu mfukoni. Mara ya tatu kwa kutikisa kichwa, kule kutikisa kwetu kwa "nimeelewa, nimeelewa" wakati hujaelewa kitu. Kipaza sauti hakikuachia hata moja. Majoho yakaanza kuguna. Nilimfikiria Jaji na kijiko chake, nikatamani kulia.

Ndipo mkufunzi akanihurumia. Alisema wapo watu ambao masikio yao hayafanyi kazi mpaka mikono ishughulike, hata marehemu mume wake alikuwa hivyo, na akanipa mwiko. Ukumbi haupo tena. Niko jikoni kwake, moshi machoni, nakoroga sufuria la makande la kulisha kijiji kizima.

"Koroga taratibu, baba," anasema. "Yakiungua, ujue umeacha kusikiliza."

Nakoroga. Anasema. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nasikia.

Anasema makande haya ni ya matanga. Ni Jumanne baada ya Pasaka, mwaka tisini na nane, na wametoka kumzika shemeji yake, Elineema. Mvua ilinyesha mpaka kaburi likajaa maji, wanaume wakayachota kwa ndoo. Yeye aliachiwa jiko. Alikuwa analia, makande yakaungua, na wifi zake wanamcheka mpaka leo.

Nilitaka kuuliza Elineema yupi. Nikakumbuka sheria, nikaendelea kukoroga. Akafika mwenyewe.

"Huyo huyo aliyeandikwa kwenye karatasi ya Kisaka, kwamba alishuhudia mume wangu akiuza shamba. Karatasi ni ya tarehe ishirini na tatu Aprili. Mimi sikusoma sana, baba, lakini najua nilimpikia nani makande. Kaburi lipo, na msalaba umeandikwa tarehe."

Nikahesabu kwa vidole juu ya mwiko. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe kumi na mbili, na nilijuaje ndotoni usiniulize. Jumanne yake ni kumi na nne. Shahidi wa Kisaka alisaini siku tisa baada ya kuzikwa.

Daftari la mahudhurio nalo lilikuwa limeketi juu ya mzigo wa kuni. "Sahihi ipo, mtu hayupo," likasema. "Hao nawajua." Sikulitazama usoni.

Narudi mahakamani na mwiko mkononi. Jaji anakwangua bakuli. Kisaka yuko kizimbani, ametulia tuli, suti imenyooka. Nafungua mdomo na sauti inatoka, ila si yangu. Ni ya Bi Naetwe, nyembamba, yenye lafudhi ya milimani, na inamuuliza Kisaka: Elineema tulimzika lini?

Jaji anaweka kijiko chini. "Mahakama inakusikia," anasema.

Hapo nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sikunawa hata uso. Nilitoa jalada, nikatafuta karatasi ya Kisaka: tarehe 23 Aprili 1998, shahidi Elineema Mshana. Kalenda ya simu ikasema Pasaka ilikuwa tarehe kumi na mbili. Na kwenye maelezo niliyochukua siku ya kwanza Bi Naetwe aliponijia, kwa mwandiko wangu mimi mwenyewe, kulikuwa na mstari mmoja: "Makande, matanga ya shemeji. Haihusu." Niliutazama mstari ule mpaka mke wangu akauliza kama kuna msiba.

Nikampigia Bi Naetwe, aliyekuwa amelala kwa mpwa wake mjini kwa ajili ya kesi. Alipokea upesi. Kabla hajasema hata haloo nilianza na samahani, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimwomba mteja samahani. Nikamwambia anisimulie yale matanga tangu mwanzo, akitaka aanzie mwaka sabini na nne, mimi nitasikiliza tu.

Kisha akakohoa, na sauti iliyokuja ilikuwa imekauka kabisa, mkwaruzo mtupu, na jana jioni tuliachana akiwa mzima wa afya.

"Sina sauti, baba," alininong'oneza. "Nimeamka hivi. Leo sema wewe. Mimi nimeshakuambia."