Siku Ishirini na Nane

Mwanasheria wa ofisi ya halmashauri pale Bomani, dada mmoja aitwaye Specioza, alimwamkia Waitara shikamoo, akampa kiti, kisha akammaliza kwa upole.

"Mzee, kanuni zimebadilika. Zamani ungeandika dai lako hata mwaka ukipita, mkakaa mezani mkazungumza. Sasa dai la kazi ya ziada linaandikwa ndani ya siku ishirini na nane tangu kazi hiyo ijitokeze. Zikipita, hata msuluhishi hana ruhusa ya kulisikiliza. Wewe umeleta siku ya arobaini na tatu."

Waitara alikuwa mkandarasi kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwita mzembe. Alipokuwa akijenga zahanati upande wa Natta, msingi ulikuta mwamba. Injinia Stanslaus, msimamizi wa kazi, akamwambia kwa mdomo tu achimbe, atalipwa. Akachimba, na ili kuwalipa vibarua akauza ng'ombe kumi na wawili wa mahari ya binti yake Ghati, ng'ombe waliokuwa wamewekwa kumwolea mke kaka yake Ghati, Emanueli; akilipwa, angenunua wengine. Malipo yalipokwama, hakukimbilia karatasi. Stanslaus ni Mkurya mwenzake, kwa hiyo alimpeleka ritongo, kwenye baraza la wazee wa ukoo. Stanslaus alikiri deni mbele yao bila kupindisha. Mbuzi akachinjwa, wakala pamoja, na wazee wakawaonya kwamba waliokula nyama hiyo hawashtakiani tena. Basi Waitara akatulia nyumbani akisubiri, kama mtu mwenye heshima zake, na siku zikawa zinakatika.

"Wazee waliandika chochote?" Specioza aliuliza.

"Wazee hawaandiki, mwanangu. Wanakumbuka."

Specioza alimsogezea barua. Ofisi ilikuwa imemwuliza msimamizi kama alipokea dai lolote la maandishi kwa wakati. Stanslaus alijibu hapana, akatia sahihi. Kilichomuuma Waitara hadi kwenye mifupa ni kwamba barua ile haikuwa na uongo hata kidogo.

Alirudi nyumbani kwa miguu, bodaboda wakimwita, asiwasikie. Alimkuta mwanawe Emanueli zizini, akishindilia nguzo mpya.

"Shikamoo, tata. Nimeona niliimarishe zizi kabla ng'ombe wapya hawajaja. Wakwe zangu wametuma mtu, wanataka jibu la mahari Jumapili."

Waitara alimshikia nguzo ili isiyumbe. Akashika ya pili, na ya tatu. Walimaliza zizi zima kabla hajapata ulimi wa kumwambia kwamba hakuna ng'ombe watakaokuja.