Pete Iliyopona Mapema

Mjukuu wangu Evanthia alipopata kazi kwenye mtambo wa nyutroni, kule msituni kusini mwa Sydney, alitaka kunieleza kwa michoro. Nikamkataza. Mimi niliishia darasa la nne kisiwani kwetu, mchoro unanipa usingizi. Nilimwambia anitegee kitendawili. Akafikiri kidogo huku anamenya chungwa, kisha akatega: mgeni wangu anapita ukuta wa chuma kama haupo, lakini kikombe cha maji kinampotezea njia.

Nilishindwa, nikampa mji. Nilimpa Athene nzima, na yeye akakaa humo kama malkia kabla ya kunipa jibu. Jibu ni nyutroni. Wanazitoa kwenye tanuri lao, wanazielekeza kwenye kitu, halafu wanaangalia zimetawanyikia wapi, na kwa kutawanyika huko wanajua kitu kile kimepangika vipi ndani. Nikamwambia basi hiyo kazi naifanya miaka yote bila mshahara. Nakaa kibarazani, naangalia wageni wa jirani wanatoka na sura gani, najua humo ndani kukoje.

Yeye na mchumba wake Lachlan, kijana mrefu ambaye masikio yake huwa mekundu kabla hajasema uongo, walikuwa wakichunguza mafuta ya zeituni. Walitaka kujua matone yake yanajipangaje yakichanganywa na maji. Wanayatia kwenye vikopo vidogo vya alumini, vikopo vinapangwa kwenye kishikio mfano wa trei ya mayai, mashine inaviingiza kimoja kimoja mbele ya mkondo wa nyutroni. Zamu ya kuitumia mashine hiyo inaombwa miezi kabla, na ukiipata huiachi hata kama nyumba inaungua.

Sasa nije kwenye pete.

Wifi yangu Marigo, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa na pete ya dhahabu ya mama yao. Nasema pete, lakini kwa jinsi alivyoitaja ungedhani ni mtu wa ukoo. Mimi nilipoolewa na kaka yake, hapahapa Sydney, niliomba niazimwe kwa siku ya kanisani tu. Wifi akakataa mbele ya watu, akasema dhahabu ya mama haizururi. Niliolewa na pete ya shaba ya duka la karibu na stesheni, na tangu siku hiyo hakuna krismasi, ubatizo wala msiba ambao wifi hakunikumbusha. Anaweza kuomba chumvi tu, akamalizia na pete yangu ya shaba.

Evanthia alipochumbiwa, wifi akatushangaza wote. Akampa pete. Aivae mkono wa kushoto mpaka siku ya harusi, kisha ihamie wa kulia, kama desturi ya kwetu. Masharti yalikuwa mawili: asiipeleke kwa sonara yeyote, na kila mwezi airudishe kwa wifi aing'arishe kwa mikono yake. Akiing'arisha anafunga mlango. Na neno la mwisho lilikuwa kwamba pete hiyo isipoonekana madhabahuni, na yeye hataonekana kanisani. Wifi alikuwa amebaki peke yake katika watoto wa mama yake, na ndiye aliyemlea Evanthia wakati mimi na baba yake tulipokuwa kiwandani. Kwa mtoto yule, harusi bila bibi Marigo ilikuwa sawa na harusi bila padri.

Ilikuwa imebaki wiki moja na siku chache kabla ya harusi, Evanthia akaja jikoni kwangu mchana, akaketi bila kufungua jokofu. Nikajua kuna jambo.

"Bibi, pete iko salama," akasema. "Ila haiguswi."

"Haiguswi na nani?"

"Na mtu yeyote mwenye akili."

Akanieleza. Kabla ya kuvaa glavu kule kazini, watu huvua pete. Naye, kwa kuogopa kuipoteza, akaitia ndani ya kikopo kitupu cha alumini, akakifunga vizuri, akakiweka mezani. Lachlan akaja, akakuta vikopo vimefungwa vimejipanga. Kwao kikopo kilichofungwa ni sampuli, hakuna swali. Akavibandika namba vyote, akavipanga kwenye trei, akafunga mlango mzito wa chumba cha mkondo. Wakaenda kunywa chai.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo wangeweza kujua. Maana vikopo vingine vyote vilichora mstari mpole kwenye kompyuta, lakini kikopo hicho kilichora mlima. Mafuta gani haya yanachora mlima? Badala ya kufungua waone, walishangilia. Wakakirudisha mbele ya mkondo kikae siku nzima, ili mlima uonekane vizuri zaidi. Lachlan alimpigia profesa wao, profesa akaanza kufikiria jina la ugunduzi. Walikula keki. Evanthia alipomaliza kipande cha pili ndipo akatazama kidole chake.

Kule mtamboni ni sheria tupu. Kitu kilichokaa mbele ya mkondo hakitoki mpaka Bi Maureen akubali. Bi Maureen ndiye mlinzi wa mionzi, mama mwenye kifaa mkononi kinacholia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikisogeza kwenye pete, kuku akapagawa. Akaifungia ndani ya sanduku zito la madini ya risasi na kuwaambia kwamba dhahabu ikishapigwa na nyutroni inakawia sana kupoa. Wategemee mwezi na ushei. Lachlan alimweleza habari za harusi, na masikio yake hayakubadilika rangi maana alikuwa anasema kweli. Bi Maureen akampa pole, akaweka ufunguo mfukoni.

Sasa ikabidi nimshike wifi mkono mmoja huku namficha kwa mwingine. Aliniuliza kwa simu pete iko wapi, kwa kuwa siku ya kuing'arisha ilikuwa imefika. Nilitaja uongo wa kwanza ulionijia kinywani, kwamba iko kwa sonara, inapunguzwa kidogo.

 

"Sonara gani?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya kugomba. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto. Akataka jina, akataka mtaa, akasema anatafuta teksi sasa hivi. Nikasikia anapekua viatu. Mwanamke huyo alikuwa na magoti ambayo kwa wiki nzima yalikuwa hayamfikishi hata kanisani.

Nikaona atanifia barabarani. Nikasema kweli yote, kuanzia kikopo mpaka sanduku, nikangoja radi.

"Huko kwenye mtambo," akasema, "kuna sonara?"

"Hakuna, wifi. Kuna Bi Maureen."

"Anajua mambo ya dhahabu?"

"Anajua mambo ya mionzi."

"Ah." Nikasikia anavua viatu. "Basi ikae tu, ipumzike." Kisha akanikumbusha kwamba pete yangu mimi isingepata shida hiyo, kwani nani angepoteza nyutroni kwa kitu cha duka la stesheni. Akakata simu.

Nilibaki nimeshika mkono wa simu kama kijiko. Wifi yangu, aliyewahi kuninunia mwaka mzima kwa sababu ya sahani, amesikia pete ya mama yake imefungiwa kwenye risasi, akasema ipumzike. Lakini sharti lake la kanisani hakulifuta. Nilipomuuliza siku ya pili, alisema ameshasema.

Evanthia akawa anaenda kwa Bi Maureen kila asubuhi kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Siku ya kwanza kuku alipiga kelele, siku iliyofuata kelele zikapungua, na kila siku zikazidi kupungua. Kadiri zilivyopungua, Lachlan alizidi kufurahi, lakini mjukuu wangu alizidi kunyamaza. Jumamosi, kesho yake ni harusi, Bi Maureen akapitisha kifaa juu ya pete na kuku akalala. Akaiweka kwenye kiganja cha Evanthia na kumwambia kwa upole kwamba pete ni safi, ila yeye kama mtaalamu wa nyutroni hahitaji kuambiwa maana yake.

Walikuja nayo jikoni kwangu. Niliwaandalia mkate wa mchicha na jibini, hawakugusa.

"Dhahabu isingepona kwa siku chache hivi," Evanthia akasema. "Hii ni shaba, Bibi."

Nisiseme uongo, nilicheka mpaka nikashika meza. Miaka yote hiyo! Ukoo mzima umeinama mbele ya shaba, na mjukuu wangu anayepima vitu visivyoonekana ameivaa miezi kidoleni asijue. Lachlan naye akaanza kucheka, akatazamwa, akaacha. Evanthia akanishika mikono, akaniomba nisimwambie bibi Marigo, itamuua. Niliahidi sitasema. Kutega sikuahidi.

Harusi ilifana. Msimamizi alizibadilisha pete za maharusi mara tatu vidoleni, kama ibada yetu inavyotaka, wifi akiwa mstari wa mbele, shingo ndefu kama bata mzinga. Kwenye karamu, tukiwa kwenye meza moja na wazazi wa Lachlan, lozi za sukari ziko mbele yetu, akaanza. Akawaeleza wakwe juu ya dhahabu ya mama, halafu akanigeukia. "Huyu wifi yangu yeye aliolewa na shaba, maskini. Lakini ilimtosha."

Evanthia alinitazama kutoka meza ya juu. Nikapangusa mdomo.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," wakwe wakajibu, walishafundishwa na Lachlan.

"Mgonjwa wangu akichelewa kupona, ukoo unajivuna. Akipona mapema, ukoo unaaibika."

Wakwe wakahangaika. Mmoja akasema mkwe mvivu, mwingine akasema serikali. Wakanipa mji, wakanipa Melbourne, nikaikataa. Wifi alikuwa anatafuna lozi polepole. Akauliza mgonjwa huyo alilazwa wapi. Nikamwambia kwenye sanduku zito. Akaacha kutafuna.

Akaniinamia sikioni. "Shaba," akasema. "Na wewe una ulimi mchafu, Stamatia."

Kisha, bado sikioni, akanisimulia. Mwaka wa njaa, wakati wa vita, mama yao aliibadilisha pete kwa debe la mafuta ya zeituni. Wifi alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyesaidia kubeba debe. Mume wangu alikuwa mchanga, yale mafuta ndiyo yaliyomkuza. Mama akatengenezewa ya shaba ili baba akirudi vitani asione kidole kitupu, na akamwapisha wifi asimwambie mtu.

"Basi kwa nini ulininyima, wifi?"

"Ungeivaa kutwa nzima na joto lile, kidole kingekuwa kijani kabla ya keki. Ungetangaza mpaka bandarini."

Ni kweli, ningetangaza. Nikamuuliza na masimango ya miaka yote je. Akasema mtu akiwa na shaba ndani lazima aseme dhahabu kwa sauti, na mimi nilikuwa karibu.

Nilitaka kumjibu, lakini Evanthia alikuwa amefika mezani, macho yamemtoka, akidhani tunauana. Wifi akamshika mkono wa kulia, akaitazama pete kwenye mwanga, akanung'unika kwamba wale watu wa mtambo wameichubua. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, akakibana kiganjani mwake.

"Kwa ndani," akamwambia, "kila mwezi. Na ufunge mlango."