Ishirini kwa Kila Mtu

Kufikia saa tatu asubuhi tabibu alikuwa ameshaona wagonjwa kumi na wanane, na wote kumi na wanane walikuwa wanapumua mara ishirini kwa dakika. Ndivyo daftari lilivyosema. Mzee mwenye kiungulia, ishirini. Mwalimu aliyevimba koo, ishirini. Mpishi wa shule mwenye maumivu ya mgongo, ishirini. Joto alilipima kweli, presha aliipima kweli, na kipimo cha malaria alikisubiri mpaka mstari utokee. Safu ya kupumua aliijaza wakati mgonjwa bado anavuta kiti.

Mtu asidhani alikuwa mvivu. Kituo kilipokea watu sabini kwa siku na alikuwa peke yake tangu mwenzake alipohamishwa. Ofisi ya juu ilikuwa imeshusha agizo kwamba hakuna safu ya kubaki wazi, na atakayekutwa na nafasi tupu atajieleza kwa barua. Sasa, kuhesabu pumzi kunataka umtazame mtu kifua dakika nzima, huongei, huandiki, na nje benchi limejaa watu wanaokohoa na kusonya. Ishirini ni namba nzuri, haimshtui yeyote. Aliirithi kwa yule mwenzake, naye alikuwa ameirithi kwa aliyemtangulia. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima hewa kwenye damu kilikuwepo pia, ila mtunza stoo alikifungia kabatini kisije kikapotea.

Watu walimwita tabibu Chapchap. Jina alipewa na fundi viatu aliyekaa getini, mtu wa maneno mengi ambaye hakuna aliyepita pale bila kuchokozwa. Kila jioni tabibu alipotoka, fundi alimuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani leo amewamaliza wangapi, kisha akajifanya kujisahihisha kwamba alitaka kusema amewatibu wangapi. Tabibu alikuwa akicheka. Viatu alivyovaa leo, soli zake alizishona huyo fundi.

Fundi viatu alizikwa juzi Jumapili. Getini palibaki kigoda chake tu, na tabibu siku hizi alipita pale akitazama chini.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia fundi alikuwa ameingia mwenyewe chumbani, kwa miguu yake, ana homa na kikohozi cha siku mbili. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tabibu alipouliza maswali alijibiwa neno mojamoja. Kifua. Tangu juzi. Hapana. Hakutania hata kidogo. Tabibu aliliona hilo, na akashukuru kimoyomoyo, maana nje walikuwa wamebaki watu arobaini. Akaandika ishirini, akampa dawa ya kikohozi na vidonge vya kushusha homa, akamwambia arudi baada ya siku tatu asipopata nafuu. Alhamisi akapelekwa hospitali kubwa akiwa amebebwa, nimonia imeshakamata mapafu yote mawili. Jumamosi akafa.

Saa nne akaingia mkaguzi kutoka ofisi ya juu. Alikaa pembeni na fomu yake ya kuweka alama za vema, akafunua daftari ukurasa kwa ukurasa, akafurahi waziwazi. Alisema huko alikotoka wameacha mapengo matupu, lakini hapa mambo yamenyooka. Tabibu alisema asante. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ujao, na wa kuupendekeza au kuutia kapuni alikuwa huyuhuyu.

Mara hodi, na kabla tabibu hajajibu akaingia mke wa fundi viatu, na kadi ya kliniki ya marehemu mkononi, imefungwa kwenye leso. Tabibu akasimama, akampa pole, akamsogezea kiti. Mama hakukaa, akaifungua leso.

Alisema hakuja kutibiwa, wala hakuja kugombana. Kule hospitali kubwa walimuuliza kwa nini amemleta mgonjwa amechelewa hivi, na mawifi zake walikuwepo, wakasikia. Tangu matanga yaanze hawamwiti kwa jina. Usiku wa Jumanne mumewe alimwambia twende hospitali, siwezi kulala chali, na yeye akamjibu avumilie, daktari kasema siku tatu.

"Nataka kujua hilo tu, mwanangu," akasema. "Alipokuja hapa alikuwa tayari hivyo? Au ni mimi niliyemchelewesha?"

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Aliona mfanyakazi wake amebanwa, akataka kumnasua. Akafunua Jumatatu ya wiki ile, akaweka kidole kwenye mstari, akamsomea mama taratibu, joto hivi, presha hivi, kupumua ishirini.

"Hii ni sawa kabisa, mama. Alipotoka hapa kifua kilikuwa hakijaharibika. Ugonjwa ulimzidia nyumbani."

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua. "Basi ni mimi," akasema, akaanza kuifunga tena leso.

Tabibu angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa hatua mbili, mama angetoka, na habari ingeishia hapo. Kwenye karatasi alikuwa msafi kuliko maji. Lakini alipomwona yule mama anakazana na fundo la leso, aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Si wewe, mama," akasema. "Sikumhesabu."

Mama akainua macho.

"Hiyo ishirini niliiandika tu. Namwandikia kila mtu. Mwongozo wetu unasema mtu mwenye homa na kikohozi ahesabiwe pumzi dakika nzima, na zikifika thelathini apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo. Nilimwona mzee anajibu neno mojamoja, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Nikaona afadhali, leo hatanichelewesha."

Mkaguzi akafunga daftari, akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mama hakumtazama. Alikuwa anamtazama tabibu.

"Na huko kuhesabu kunachukua muda gani?"

"Dakika moja, mama."

"Dakika moja." Akageuka akalitazama benchi kupitia mlango uliokuwa wazi. "Sisi siku ile tulikaa pale tangu saa moja mpaka saa sita."

Hakupaza sauti. Aliiweka kadi mezani, leso akaichukua, akatoka. Hakusema amesamehe, wala tabibu hakuthubutu kumwomba.

Mkaguzi akamwambia kwamba ameponzwa na huruma, ila asihofu, yeye maneno ya mdomo hayaandiki. Fomu inauliza kama safu zimejazwa, na zimejazwa. Tabibu akamwomba basi aandike kwamba kituo kina tabibu mmoja kwa watu sabini, na kwamba kifaa cha kidoleni kiko ndani ya kabati lenye kufuli. Mkaguzi akapekua karatasi zake, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba mambo hayo yana fomu yake nyingine, na hakuja nayo. Akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha kumbukumbu. Akaandika "kamili", akatia sahihi.

Tabibu alijuta, tena alijuta vibaya, kwa sababu hata kosa lenyewe halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa mfua nguo, mwanamke mnene mwenye kikohozi na homa tangu jana. Alikaa, akaanza kueleza. Tabibu akamwomba anyamaze kidogo, apumue tu kama kawaida. Akavua saa mkononi, akailaza mezani karibu na daftari, akamtazama kifua.

Mfua nguo akauliza kwa wasiwasi kuna nini, tabibu akamwashiria kwa mkono kwamba hakuna kitu, akaanza upya. Nje mtu akagonga mlango, mwingine akauliza leo Chapchap kapatwa na nini. Mkaguzi akamkumbusha kwa upole kwamba muda uliopangwa ni dakika nne kwa mgonjwa, na kwamba hilo analo kwenye fomu. Akaiandaa kalamu.

Tabibu hakuondoa macho kifuani. Alipofika ishirini, mshale mwembamba wa saa ulikuwa bado haujamaliza mzunguko. Akaendelea kuhesabu.