Kuuza ya Kwetu

Binti yangu Djamila aliponiwekea msaidizi kwenye simu, yule wa akili ya mashine, nilimdharau. Mwezi haukuisha nikawa simwachi. Unasema Kiswahili chako, naye anaandika Kifaransa kilichonyooka, chenye adabu kumpita hata mume wangu, Mungu amrehemu. Mimi Kifaransa sikisomi. Nilimwamini kama mizani ya dukani kwangu.

Basi kaka yangu Iliasi, yaya kama tunavyomwita mkubwa huku kwetu, aliyehamia Kabambare, akatangaza kwamba nyumba ya baba hapa Kasongo apewe mtu wa nje mwenye pesa. Ndimo ninamoishi, na duka langu liko barazani pake. Nikashika simu: "Andikia yaya Iliasi. Ile nyumba ya baba, mimi Hawa nataka kuuza." Ikaandika, nikatuma, nikalala vizuri.

Wiki iliyofuata mfanyabiashara Christophe alikuwa uani kwangu, anapima ukuta kwa kamba.

"Mama Djamila, yaya yako anasema ulikubali kuuzisha."

Nilimfukuza na kamba yake. Nikampigia Iliasi, hakupokea. Nikafunga duka, nikapanda pikipiki ya Kabambare. Barabara ile ni ya kumwombea adui: tulishuka topeni, tukasukuma, tukapanda tena. Dereva aliuliza kama turudi. Nilimwambia asukume, maneno baadaye.

Iliasi alinikaribisha chai, akanionyesha ujumbe wangu. "Angalia, mudogo wangu. Iko wazi: *vendre*. Kuuzisha."

"Mimi sikusema kuuzisha. Nilisema kuuza!"

Hapo nikaelewa. Sisi huku kuuza ni kununua. Ukitoa mali yako, hapo unauzisha. Msaidizi alifundishwa Kiswahili cha pwani, ambako kuuza ndiko kutoa. Alikuwa ametafsiri sawasawa maneno ya mtu mwingine.

"Basi kosa ni ya mashine," alisema Iliasi, akishusha pumzi.

"Mashine haikuzaliwa Kasongo, yaya. Wewe ulizaliwa. Mutu anazalia watoto wake mule, anauguza mama mule mpaka anakufa, kisha siku moja anakuandikia kama serikali kwamba anauzisha. Ulishindwa hata kuuliza?"

Alisukuma kikombe chake kando.

"Ilinifaa," alisema mwishowe. "Ndiyo maana sikuuliza."

Iliniuma sana. Lakini sikuvuka tope lote lile kuja kulia. Niliweka simu mezani, nikamwambia msaidizi: "Andika upya. Nyumba ninainunua mimi. Kununua." Safari hii sikutuma. Nilimpa Iliasi anisomee kwa Kiswahili, neno kwa neno. Msaidizi bado ninamtumia, na kazi yake ninaipenda. Kumwamini kwa macho yaliyofumbwa ndiko nilikoacha.

Iliasi alisoma mpaka mwisho. Kisha akampigia Christophe, nami nikimkazia macho.

"Ile nyumba uiache," alisema. "Dada yangu ndiye anaiuza."